Muulize Mjomba: Mmoja Nimemlilia, Mamia Wamenipita

Wiki hii barua nyingi zimekuja za korosho, bei na makato, hizo nimeziweka pembeni kwanza maana msimu ukifika tutaongea mpaka tuchoke. Ila kuna mbili zimenikalisha. Moja imetoka Mikindani, nyingine vijiji vya Tandahimba huko chini karibu na mto, na waandishi wake hawajuani ila wanauliza kitu kilekile, kwaiyo nawajibu kwa mpigo.

Ya kwanza: "Shikamoo mjomba. Mi naendesha bajaji hapa Mtwara mjini, nakaa Mikindani. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yetu, darasa la pili, alitumbukia kwenye kisima cha zamani nyuma ya nyumba za mtaani kwetu, kile kisima hakina mfuniko toka mi niko mdogo, wakamtoa ameshafariki. Mjomba nililia mbele za watu mpaka wazee wakanishika mkono wakanikalisha. Siku mbili bajaji sikuitoa, nikatoa elfu thelathini ya rambirambi na katika hiyo elfu kumi nilikopa. Sasa siku ya tatu ya matanga narudi nyumbani usiku nawasha redio, wanatangaza mafuriko huko nchi za watu, waliokufa zaidi ya mia tatu, nikabadilisha stesheni nikatafuta mpira. Mke wangu akaniangalia akasema 'Baba Zuhura, na hao mia tatu hawana mama?' Nikamjibu wahenga wamesema kifo cha wengi harusi. Akasema hilo sio jibu. Toka siku hiyo sina raha, mjomba. Moyo wangu una kasoro?"

Ya pili: "Mjomba shikamoo, mi ni mama wa watoto wanne, mkulima. Sisi huku mambo ya ng'ambo ya Ruvuma tunayasikia miaka sasa, watu wamechinjwa, vijiji vimechomwa, tunasema maskini alafu tunaendelea kubangua. Juzi akapita mama mmoja ana mtoto mgongoni kaomba maji ya kunywa, tukaongea, akataja kijiji alichotoka kumbe ndo kijiji alikozaliwa bibi yangu mzaa mama. Sijalala siku nne. Kwa nini sasa, na sio miaka yote ile?"

Mjomba anajibu:

Marahaba wapwa zangu.

Baba Zuhura nianze na wewe na ile methali, maana mkeo kakushika pabaya na ana haki. Kifo cha wengi harusi haikusemwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti chake anasikiliza redio. Ni ya waliofiwa wenyewe. Msiba ukimpata mtu peke yake unamvunja, ila ukipata mtaa mzima watu wanalala mkeka mmoja, sufuria moja, huyu akizidiwa yule anamshika, watani nao hawakosekani wanatukana maiti mpaka mfiwa anacheka huku anafuta kamasi, sasa ukipita njiani ukaona ule mkusanyiko na moshi wa jikoni unaweza kudhani kuna mtu anaoa. Hiyo ndo harusi waliyoisema wahenga. Wewe wa stesheni ya mpira hukuwa kwenye msiba wala kwenye harusi. Kwako ilikuwa habari tu.

Na kama hiyo ni kasoro basi tunayo wote, mi na wewe na mkeo pia (muulize kwa upole yeye mafuriko ya mwaka juzi alilia siku ngapi. Kwa upole nimesema.)

Hili jambo kuna watu walishalipima kwa hela, na hela mara nyingi haidanganyi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwapa watu dola 5 kwa kujaza dodoso la mambo mengine kabisa, alafu wakawapa barua ya kuombwa kuchangia watoto wenye njaa Afrika. Kundi la kwanza barua yao ilimwelezea mtoto mmoja tu, Rokia, binti wa miaka 7 wa Mali, na picha yake. Kundi la pili walipewa takwimu, Malawi watoto zaidi ya milioni tatu wana upungufu wa chakula, Angola watu milioni kadhaa wamekimbia makwao, mambo ya namna hiyo. Wa Rokia walitoa wastani wa dola 2.38. Wa takwimu dola 1.14. Sawa, hapo hata mimi ningebashiri. Ila kuna kundi la tatu walipewa vyote viwili, Rokia na takwimu pamoja, we ungetegemea watoe zaidi kuliko wote si ndio? Wakatoa dola 1.43. Yani takwimu hazikumwongezea Rokia kitu, zilimnyang'anya.

Alafu wakaongeza lingine ambalo mi ndo lilinimaliza. Waliwapigisha watu hesabu kwanza, hesabu za kawaida za mwendo na dakika, hazihusiani kabisa na njaa, ndo wakaombwa wamchangie Rokia. Wakatoa pungufu sana kuliko wale walioulizwa kwanza habari za hisia zao. Ukishaanza kupiga hesabu, ule upande wa kutoa machozi unazima.

Israel nako Tehila Kogut na Ilana Ritov walifanya la kwao mwaka 2005, mtoto mmoja mgonjwa mwenye jina na picha, na kundi la watoto wanane wagonjwa, gharama ya matibabu ileile dola laki tatu. Mmoja kawashinda wanane. Na baadae watu wakagundua huruma haisubiri mpaka wafike wanane, inaanza kupungua wakiwa wawili tu! Wawili jamani.

Kwa nini? Fumba macho Baba Zuhura, muone mtoto mmoja analia. Umemuona, mpaka kamasi umeziona, na shati la shule halina kifungo. Sasa waone watoto mia tatu wanalia. Hujawaona. Umeona uwanja wa shule siku ya mwenge, vichwa tu. Machozi yanatoka kwenye kile ulichokiona, sasa kama hujaona kitu yatokee wapi.

Huyo Slovic anasema tunahisi kwa tofauti, hatuhisi kwa jumla. Kutoka sifuri kwenda mmoja ni kishindo, ila wakiwa 87 wakawa 88 hakuna anayestuka. Sisi wa korosho tunalijua hili hata bila kwenda chuo, gunia lako la kwanza likipanda mzani roho inadunda unasoma namba mara tatu, ila ingia ghala kuu gunia zimefika kwenye bati, ondoa moja weka moja, nani kaona?

Sasa niwape langu. Mwaka 1996 nilikuwa sekondari, bweni, mkoa wa Lindi. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ikazama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, zaidi ya watu 800. Redio ilikuwa moja kwa mlinzi. Tulisikia, tukasema loo, jioni tukacheza mpira kama kawaida, na Mwanza kutokea Lindi enzi zile barabara hakuna mvua ikinyesha ilikuwa kama kusikia habari za India tu. Siku nne baadae mwalimu wetu wa jiografia akaingia darasani, mtu wa kule Kagera, akachukua chaki akaandika ubaoni "21/5/1996", akasimama ameangalia ubao, akaweka chaki, akatoka nje. Hakurudi kipindi kile. Mdogo wake alikuwemo. Mi mpaka leo ukinitajia MV Bukoba siioni meli, sioni ziwa, naona ule mgongo wa mwalimu na ile chaki.

Na ukiangalia misiba yetu mikubwa yote ya nchi utaona tumeihifadhi hivohivo. Ile ajali ya basi la wanafunzi Karatu, 6 Mei 2017, walikufa watoto 32 na walimu wawili na dereva, lakini waliobebwa na nchi nzima ni wale watoto watatu waliotoka hai wakapelekwa Marekani kutibiwa, watu walikuwa wanaulizana wameanza kutembea? MV Nyerere Septemba 2018 Ukara zaidi ya mia mbili walipotea, na kinachokumbukwa vijiweni ni yule fundi wa injini aliyetolewa chini ya kivuko akiwa hai siku mbili baadae. Hata majirani zetu Msumbiji, mafuriko ya mwaka 2000 yaliua watu kama 700, dunia ikamkumbuka mtoto mmoja, Rosita, aliyezaliwa juu ya mti mama yake amekimbia maji.

Haya tuje kwetu kabisa. Vita ya Majimaji ilianzia huku huku, milima ya Wamatumbi, 1905. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 mpaka laki tatu, wengi sio kwa risasi bali kwa njaa, maana Mjerumani alichoma mashamba na maghala makusudi. Laki tatu! Sasa niambie jina la aliyekufa kwa njaa. Mmoja. Kinjikitile tunamjua, walimnyonga. Askofu Cassian Spiss aliyeuawa Agosti 1905 Mikukuyumbu kule upande wa Liwale, yeye na mabruda wawili na masista wawili, wote majina yao yameandikwa, na sina ugomvi na marehemu. Ila waliokufa mwituni wanachimba mizizi hawana jina hata kwenye jiwe moja. Bibi yangu akituhadithia Majimaji hakuwahi kutaja namba, alikuwa anamtaja mdogo wa mama yake tu, binti mdogo, aliyekufa huku kashika ung'oko mbichi, kile kiazi cha porini, mkononi hajaula. Basi. Nilipokuja kusoma laki tatu kwenye kitabu nikaona mbona hii ndogo kuliko ya bibi.

Mama wa Tandahimba, wewe jibu lako limo humohumo. Kule Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, mashambulizi yalianza Oktoba 2017, Mocímboa da Praia, ikaja Palma Machi 2021, watu maelfu wameuawa na laki kadhaa wamekimbia. Namba zote hizo zimepita sikioni kwako ukiwa unabangua, na wala hukukosea, mtu hawezi kubeba maelfu na bado akapika. Ila huyu mama hakuja na namba, kaja na kiu. Alafu akaongea Kimakonde chako kilekile, maana Ruvuma ni mpaka kwenye ramani ila kwenye ukoo sio mpaka, akataja kijiji cha bibi, na hapo vijiji vyote ulivyovisikia miaka yote vikageuka kuwa kimoja chenye mwembe na kisima na kaburi la babu yako. Hukulala kwa sababu umefiwa. Ulikuwa umefiwa siku zote, taarifa ndo imefika juzi. Usimwogope huyo mama na usijiogope wewe. Ila nakuomba kitu kimoja, mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji ajulikane yupo, usimfiche ndani kwa huruma, hilo litamsaidia yeye na wewe.

Sasa kuna watu wakifika hapa wanasema aah basi, huruma ni uongo, tuizime. Mi sikubaliani. Ile elfu thelathini ya Baba Zuhura ilinunua sukari na mchele wa kweli. Mimi nasema moyo ni mzuri wa kuamka ila sio mzuri wa kushika mahesabu, na hata kuamka kwenyewe unaamka muda mfupi. Septemba 2015 yule mtoto wa Syria, Alan Kurdi, alipoonekana kwenye picha amelala kifudifudi ufukweni Uturuki, vita yao ilishaua watu kama laki mbili na nusu na dunia ilikuwa imekaa tu. Picha ile moja ikafanya idadi ya michango ya kila siku Sweden kwenye mfuko wa Msalaba Mwekundu wa wakimbizi wa Syria ipande zaidi ya mara mia. Baada ya wiki sita hivi ikawa imeshuka. Vita yenyewe haikusimama hizo wiki sita.

Na matapeli wanaujua huu mlango kuliko watafiti, zile posti za wasapu za mtoto ana uvimbe na namba ya kutuma hela, picha hiyohiyo mwaka huu ni mtoto wa Masasi mwaka jana alikuwa wa Tanga. Piga simu kwanza kabla hujatuma, tafadhali.

Wazee wetu walilijua hili zamani na dawa yake mnayo mtaani kwenu, hamuioni tu kwa sababu mmeizoea. Chama cha kufa na kuzikana. Baba Zuhura najua umo, hakuna mtu wa Mikindani hayumo. Kila mwezi unatoa buku lako au mbili, katibu anaandika kwenye daftari, mtu akifa hela inatoka kiwango kilekile, hakuna anayeuliza kama umelia. Mi nimekuwa mweka hazina wa chama kama hicho miaka sita. Mwaka wa pili alikufa mzee mmoja mlevi wa uraka, mgomvi, kaiba kuku za watu, watoto wake wenyewe walimkimbia. Hakuna chozi hata moja lililodondoka, nawaambia ukweli, wamama walikuja wamekunja sura kama wamekuja kwenye kesi. Lakini sanda ilinunuliwa mita zilezile, mchele kilo zilezile, kaburi limechimbwa na vijana walewale aliowatukana wiki iliyopita. Mwezi uliofuata kafa binti mdogo aliyependwa na kila mtu, mtaa umelia wiki nzima, na daftari likatoa kiasi kilekile cha mzee mlevi, shilingi haikuzidi. Kuna mama alinijia juu, mjomba huna huruma, huyu mtoto mngemwongezea. Nikamwambia ongeza mfukoni kwako, hiyo ndo kazi ya machozi, daftari niachie.

Kwaiyo wewe na mkeo hamna ugomvi. Stesheni badilisha tu, mtu akisikiliza vifo vya dunia nzima kila usiku ataendesha bajaji mtaroni. Ila kama ile mia tatu inakusumbua kweli usisubiri uilie maana hutailia, tenga kidogo kila mwezi kama unavyotenga ya chama, nenda kwa watu unaowaamini wanaofanya kazi ya maafa, msikitini au kanisani au popote, toa bila kuangalia picha. Siku utakayotoa utaona haina utamu wowote. Hutajisikia mtu mwema. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Nina la mwisho na hili linatoka kwa mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, aliandika mwaka 1968. Alisema hivi kwa maneno yangu: tangaza kuna binti wa miaka sita anahitaji maelfu ya dola ya upasuaji aishi mpaka Krismasi, posta itafurika sarafu. Lakini tangaza kwamba bila kodi fulani hospitali zitachakaa na watu wachache zaidi watakufa mwaka hadi mwaka vifo ambavyo vingezuilika, sio wengi watakaotoa chozi wala kitabu cha hundi. Wale wa pili nao ni watu, wana majina, tatizo ni kwamba majina yao hayajajulikana bado kwa sababu hawajafa bado.

Nimeisoma barua yako mara tatu Baba Zuhura nikiwa na hilo kichwani. Umenieleza machozi, umenieleza elfu thelathini na elfu kumi ya mkopo, siku mbili bila bajaji, mke, redio, mpira. Kisima umekitaja mara moja, kwamba hakina mfuniko toka uko mdogo. Hujasema popote kama sasa hivi kimefunikwa.

Kimefunikwa? Niandikie wiki hii, na kama bado, niambie bati na mbao ngapi zinahitajika, mi nina mbili zimebaki hapa uani toka nilipoezeka jiko.